Mauti Yasiyo Adhabu: Kuihakiki Filamu ya Wasifu kwa Kurejelea "Selena"

Utangulizi

Methali "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" imewasaidia wanafunzi wetu kujibu maswali ya fasihi pengine kuliko kanuni yoyote ya uhakiki tunayowafunza. Mhusika akimkaidi mzazi kisha akafikwa na baya, kalamu ya mwanafunzi hukimbilia papo hapo: amevuna alichopanda. Katika ngano jibu hilo huwa sawa mara nyingi. Mtambaji ndiye anayeamua nani amezwe na zimwi na nani aolewe na mwana wa mfalme, na huamua hivyo makusudi ili hadhira iondoke na funzo.

Ugumu huzuka mwanafunzi yuyo huyo anapokutana na kisa cha mtu aliyeishi kwelikweli na kufa kwelikweli. Bila kusita huipeleka kanuni ya ngano kwenye wasifu. Marehemu huwa mkosaji, mauti yake huwa hukumu, na mhakiki huwa hakimu anayepigilia muhuri. Mwalimu mwenzangu, hili si kosa dogo la mtihani. Ni namna ya kuwasema wafu ambao hawawezi kujibu, na mwanafunzi akiizoea darasani ataitumia hata nje ya darasa, matangani na mitaani.

Makala haya yanashikilia hoja moja. Katika wasifu, mauti si tuzo wala adhabu. Ni tukio ambalo mtunzi amelikuta. Hakulibuni, hawezi kuliondoa. Uhuru alio nao ni wa kuamua aliweke wapi katika msuko, alionyeshe au alisitiri, na amwachie nani kulifasiri. Uhakiki wa wasifu huanzia hapo. Ili kulifafanua jambo hili nimeichagua filamu "Selena" ya mwaka 1997, inayosimulia maisha ya mwanamuziki Selena Quintanilla wa jimbo la Texas, Marekani. Nimeichagua kwa sababu inamweka mwanafunzi palepale anapoteleza: ina baba mkali, binti aliyeolewa kwa siri, na kifo cha ghafla.

Wasifu, tawasifu na filamu ya wasifu

Tukumbushane istilahi kwa ufupi. Tawasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mwenyewe. Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mwingine. Filamu ya wasifu ni wasifu unaoigizwa. Inarithi mambo mawili kwa pamoja: kutoka kwa wasifu inarithi wajibu wa kuuheshimu ukweli, na kutoka kwa tamthilia inarithi mazungumzo, vitendo, maleba, mandhari na migogoro. Wajibu huo na mahitaji hayo ya jukwaa havipatani sikuzote. Hakuna aliyekuwepo na kinasa sauti mume na mke walipokuwa wakinong'onezana, lakini filamu haina budi kuwapa maneno.

Maisha ya mwimbaji si mada ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert, aliyetuachia tawasifu "Maisha Yangu", ndiye pia aliyeandika "Wasifu wa Siti binti Saad" kuhusu mwimbaji maarufu wa taarab kutoka Fumba, Unguja. Siti alifariki mwaka 1950 akiwa mtu mzima aliyekwisha kuimba, kurekodi na kuheshimiwa. Mwandishi wa maisha kama hayo hukabiliwa na swali hili: alifikaje alikofika? Anayeandika kuhusu msanii aliyefariki angali kijana hukabiliwa na swali jingine lenye uchungu zaidi: angefika wapi? Swali hili halina jibu, na pengo lake ndilo linalomshawishi msimulizi, na hata msomaji, kulijaza kwa funzo. Hapo ndipo methali yetu inapopata mlango wa kuingilia.

Mtu na filamu yake

Selena alizaliwa tarehe 16 Aprili 1971 mjini Lake Jackson, Texas, katika familia ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Baba yake, Abraham Quintanilla, alikuwa amewahi kuimba katika kundi la Los Dinos. Alipoigundua sauti ya bintiye aliunda bendi ya familia: Selena akiimba, kaka yake A.B. akipiga gitaa la besi, na dada yake Suzette akipiga ngoma. Mkahawa wa familia ulipofilisika, walihamia Corpus Christi na bendi ikawa tegemeo lao la riziki. Walipiga muziki wa Tejano, ambao ni muziki wa Wateksasi wenye asili ya Meksiko, wenye kuchanganya mapigo ya Kimeksiko na ya Kimarekani.

Mwaka 1992 Selena alifunga ndoa kwa siri na mpiga gitaa wa bendi, Chris Pérez, baada ya baba kuupinga uhusiano wao. Mwaka 1994 alituzwa tuzo ya Grammy. Tarehe 26 Februari 1995 aliimba katika uwanja wa Astrodome mjini Houston mbele ya mashabiki zaidi ya 60,000. Siku 33 baadaye, tarehe 31 Machi 1995, alipigwa risasi katika hoteli moja mjini Corpus Christi na Yolanda Saldívar, mwanamke aliyekuwa kiongozi wa chama cha mashabiki wake na msimamizi wa maduka yake ya mavazi, ambaye familia ilikuwa imemshuku kwa ubadhirifu wa fedha. Zilikuwa zimesalia siku 16 Selena atimize miaka 24. Mwezi Oktoba mwaka huo muuaji alipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha maisha.

Filamu ilitolewa Machi 1997, kabla miaka miwili haijatimia tangu mazishi. Mwongozaji na mwandishi wake ni Gregory Nava. Jennifer Lopez aliigiza kama Selena, Edward James Olmos kama Abraham, Constance Marie kama mama, Jon Seda kama Chris, na Lupe Ontiveros kama Yolanda. Mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya filamu za Marekani zinazohifadhiwa kitaifa kwa umuhimu wake wa kitamaduni.

Msuko: kilele kinapotangulia

Filamu inaanzia Astrodome. Tunamwona Selena katika vazi lake la zambarau, umati ukishangilia, sauti ikijaa uwanja mzima. Baada ya hapo mbinu rejeshi inatumika kuturudisha mwaka 1961, kabla Selena hajazaliwa, kisha mwaka 1981 akiwa mtoto, halafu msuko unasonga mbele hatua kwa hatua.

Mwanafunzi mwepesi atasema kuwa mbinu rejeshi imetumiwa, apate alama yake, apite. Tumzuie kidogo. Je, kwa nini mwongozaji hakuanza na risasi? Hadhira ya mwaka 1997 ilijua mwisho wa kisa kabla ya kununua tiketi. Katika riwaya ya kubuni, taharuki hutokana na kutojua yatakayotokea. Katika wasifu wa mtu mashuhuri aliyefariki, taharuki ya aina hiyo haipo. Inayobaki ni taharuki ya namna: amepitia njia gani, na amewaacha akina nani? Kwa kukitanguliza kilele cha ufanisi, filamu inamwomba mtazamaji amkumbuke Selena akiwa jukwaani kabla ya kumkumbuka akiwa maiti.

Ujuzi huu wa hadhira unazaa pia kinaya. Kila Selena anapozungumzia mipango ya kesho, kuhusu albamu ya Kiingereza, duka la mavazi, nyumba na watoto, maneno yake ni ya furaha kwake na ya simanzi kwetu. Yeye hajui, sisi tunajua. Kinaya cha aina hii hakihitaji mwandishi akilazimishe, kwa maana kimetokana na historia yenyewe. Albamu aliyoiota, "Dreaming of You", ilitoka Julai 1995 akiwa kaburini na kuingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza kwenye chati kuu ya albamu nchini Marekani.

Kifo kisichoonyeshwa

Filamu haionyeshi mauaji. Hatuingii katika chumba cha hoteli, wala hatuioni bastola ikifyatuliwa. Kifo kinatufikia jinsi kilivyowafikia mashabiki wake: kama habari, kama nyuso za jamaa zilizobadilika, kama umati wa waombolezaji wenye mishumaa.

Tulinganishe na filamu nyingine ya jamii hiyo hiyo, "La Bamba" ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Luis Valdez. Inahusu Ritchie Valens, kijana wa California mwenye asili ya Meksiko aliyefariki katika ajali ya ndege tarehe 3 Februari 1959 akiwa na umri wa miaka 17. Valdez anaanza na jinamizi la ndege zinazogongana angani, na jinamizi hilo linamrudia Ritchie tena na tena. Hiki ni kiangaza mbele cha wazi. Chimbuko lake ni tukio halisi: mwaka 1957 ndege mbili ziligongana na mabaki yakaangukia shule aliyosomea Valens katika mtaa wa Pacoima, siku ambayo yeye hakuwa shuleni. Katika "La Bamba", basi, mauti yanamfuata mhusika kama majaaliwa. Katika "Selena" mauti hayabishi hodi. Yanapoingia, yanakata wimbo katikati.

Mbinu hizi mbili zina maana tofauti. Ya kwanza inamwambia mtazamaji kwamba kifo kilikuwa kimeandikwa. Kwa hiyo tutafute maana yake. Ya pili inamwambia kwamba kifo kilikuwa uhalifu wa mtu mmoja siku moja; kwa hiyo tutafute maana katika maisha yaliyokatizwa. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine kwa kila hali. Mwanafunzi anayeweza kuieleza tofauti hiyo, hata hivyo, amekwisha kuvuka hatua ya kutaja mbinu na kuingia hatua ya kuhakiki.

Je, Selena alivunjika guu?

Sasa turudi kwenye methali yetu. Uliza darasa la Kidato cha Tatu lieleze dhamira ya filamu hii na hutakosa majibu ya sampuli hii: "Selena alimkaidi baba yake akaolewa kwa siri, na mwishowe akauawa. Mwandishi anawaonya vijana dhidi ya ukaidi." Jibu hili lina umbo zuri. Lina chanzo, tokeo na funzo. Ila halisimami, kwa sababu tatu.

Kwanza, kisababishi hakioani na tokeo. Aliyemwoa si aliyemuua. Ndoa ile haikuwa na uhusiano wowote na risasi ile. Kufuatana kwa matukio mawili hakufanyi moja kuwa mzazi wa jingine, na huu ni ukweli wa mantiki ambao somo la fasihi lina wajibu wa kuufunza.

Pili, katika mgogoro huo filamu yenyewe haimpi baba ushindi. Abraham anapogundua mapenzi ya vijana hawa anamfukuza Chris kwenye basi la bendi kwa hasira. Baadaye, ndoa ikiwa imekwisha kufungwa, anaikubali na kumpokea mkwe wake. Aliyejirekebisha hapa ni mzazi. Msuko unaonyesha mkuu aliyepaswa kujifunza kusikia.

Tatu, na hili ni zito zaidi, Yolanda hakuingia katika maisha ya Selena kwa mlango wa ukaidi. Aliingia kwa mlango wa mbele. Mapema miaka ya 1990 alimwomba Abraham ruhusa ya kuanzisha chama cha mashabiki, naye akaridhia. Familia nzima ilimwamini. Kama kuna methali inayokaribia hali hii ni "Kikulacho ki nguoni mwako", na tuitazame vizuri methali hiyo: haimlaumu mvaaji wa nguo. Inasikitika tu kwamba adui hukaa karibu.

Mwanafunzi akizielewa sababu hizi tatu atatambua kwamba dhamira ya filamu haiko katika namna Selena alivyokufa. Iko katika mvutano kati ya malezi na uhuru, kati ya ndoto ya mzazi na maisha ya mtoto, na kati ya tamaduni mbili zinazomgombea mtu mmoja.

Nani anasimulia?

Filamu hii haina msimulizi anayesikika, lakini haikosi mtazamo. Abraham Quintanilla alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, na ilitengenezwa kwa ushirikiano wa familia. Mwanafunzi anapaswa kulijua jambo hili kama vile anavyopaswa kujua kama riwaya imesimuliwa katika nafsi ya kwanza au ya tatu.

Ushahidi umo katika msuko wenyewe. Baada ya Astrodome, tukio rejeshi la kwanza halimhusu Selena. Linamhusu baba yake. Tunamwona kijana Abraham na wenzake wa Los Dinos wakikataliwa mahali pamoja kwa sababu ni Wameksiko, kisha wakizomewa na Wameksiko wenzao kwa sababu wanaimba nyimbo za Kiingereza. Kabla hatujamjua binti, tumekwisha kuoneshwa jeraha la baba. Kuanzia hapo kila ushindi wa Selena ni dawa ya jeraha hilo. Ndiyo maana mhakiki anaweza kuuliza kwa haki: mhusika mkuu ni nani hapa? Jina lililo juu ya bango ni la binti, lakini ndoto inayotimizwa ni ya baba.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kuwa filamu ni sifa tupu. Sifa huficha dosari, wasifu huzipima. Abraham wa filamu ni mkali, ni mwenye wivu wa kizazi, na anakasirika mbele ya watu bintiye anapovua koti jukwaani na kubaki katika sidiria iliyonakshiwa. Mzazi aliyeruhusu haya yaonyeshwe hakujisafisha kabisa. Lakini pia tusisahau waliokosa nafasi. Chris Pérez alikuja kusimulia upande wake katika kitabu "To Selena, with Love" mwaka 2012. Selena mwenyewe hakuacha tawasifu. Tunachokijua kumhusu tumekipokea kwa mikono ya waliompenda, na mapenzi nayo ni mtazamo.

Wahusika

Selena amejengwa kama mhusika duara. Ni mtiifu na mkaidi, mcheshi na mwenye bidii, nyota na binti wa nyumbani anayekula na wenzake ndani ya basi. Onyesho moja linafaa kujadiliwa kwa kina: anaingia katika duka la nguo za bei ghali, mhudumu anamdharau kwa kumdhania kuwa hana uwezo, mara watu wanatambua ni nani na duka linafurika mashabiki. Onyesho hili linabeba kinaya, ucheshi na maudhui ya ubaguzi kwa pamoja, bila mhusika yeyote kutoa hotuba.

Mama anawakilisha sauti ya upatanisho. Ndiye anayemfunza bintiye kucheza, na ndiye anayemkumbusha mumewe kuwa watoto ni watoto. Chris ni mhusika anayemwezesha Selena kujichagulia jambo la kwanza maishani mwake pasipo bendi.

Yolanda ni mhusika bapa. Anaingia filamu ikiwa imekwenda mbali, anazungumza machache, anatoa zawadi ya pete, na kiini cha chuki yake hakichimbuliwi. Je, huu ni udhaifu? Upande mmoja unaweza kudai kuwa mhusika mkinzani asiye na undani huudhoofisha mgogoro. Upande wa pili unaweza kujibu kwamba familia ya aliyeuawa haina deni la kumpa muuaji jukwaa. Hoja zote mbili zinakubalika. Mwalimu asiamue, awaachie wanafunzi wajadili, ilmradi kila mmoja athibitishe kauli yake kwa maonyesho mahususi.

Lugha na utambulisho

Hapa filamu inawagusa wanafunzi wetu moja kwa moja. Selena alilelewa akizungumza Kiingereza. Baba yake alipomtaka aimbe kwa Kihispania, alijifunza kuyatamka maneno kabla ya kuijua lugha. Bendi inapoalikwa Monterrey, Meksiko, Abraham anahofia kuwa waandishi wa habari watamcheka kwa Kihispania chake kibovu. Selena anawakumbatia, anajibu kwa lugha anayoimudu, makosa na yote, nao wanavutiwa naye. Katika mazungumzo ya familia safarini, baba anaeleza jinsi ilivyo kazi ngumu kuishi kati ya jamii mbili ambazo kila moja inakudai ukamilifu.

Kijana wa Nairobi, Nakuru au Kakamega anaijua hali hii. Nyumbani anachekwa kwa kutojua lugha ya nyanya yake, shuleni anarekebishwa Kiswahili, na mtaani Sheng ndiyo tiketi. Swali la utambulisho kwa hivyo si la Texas pekee. Swali kama hilo liliibuka hata katika uteuzi wa mwigizaji. Jennifer Lopez ni mzaliwa wa New York mwenye asili ya Puerto Rico, na wapo waliolalamika kuwa nafasi hiyo ilimfaa msichana wa Kimeksiko. Je, nani ana haki ya kuvaa maisha ya mwingine? Hili ni swali la mjadala linalofaa kabisa kipindi cha isimujamii au cha fasihi.

Sauti ya marehemu, mwili wa mwigizaji

Jambo la mwisho la kimtindo ni sauti. Katika nyimbo za Selena akiwa mtu mzima, Lopez anachezesha midomo tu. Sauti inayosikika imetoka kwenye rekodi za Selena mwenyewe. Wanafunzi waliosoma fasihi simulizi wanajua kuwa sauti ni sehemu ya utendaji: kiimbo, pumzi na kicheko cha msanii havitenganiki na kazi yake. Filamu imelitambua hilo. Inakopa mwili kwa aliye hai, lakini sauti inamwachia mwenyewe.

Kisha, inapokaribia kutamatika, picha halisi za Selena zinachukua nafasi ya mwigizaji. Ni kama filamu inavua barakoa na kukiri kwamba huyu mliyemtazama kwa saa mbili alikuwa mhusika. Mtu ni huyu. Sijui mbinu nyingine inayoeleza kwa urahisi zaidi tofauti kati ya mhusika na mtu, tofauti ambayo tunahangaika kuifafanua ubaoni.

Mapendekezo ya kufundishia

Mwalimu anayetaka kuitumia filamu hii, au nyingine ya aina yake, aitazame kwanza mwenyewe na kuteua maonyesho manne au matano. Si lazima aionyeshe yote. Baada ya hapo anaweza kufuata hatua hizi:

1. Kabla ya kutazama, wape wanafunzi tarehe kuu za maisha ya mhusika, pamoja na ya kifo. Wakishajua mwisho, wataacha kuusubiri na kuanza kuchunguza usimulizi.

2. Waulize filamu imeanzia wapi, na kama ingeanzia pengine maana ingebadilikaje. Waandike mianzo miwili tofauti ya kisa hicho hicho, kila mmoja aya moja.

3. Wagawe katika makundi. Kundi moja lisimulie ndoa ya siri kwa mtazamo wa baba, jingine kwa mtazamo wa mama, jingine kwa mtazamo wa Chris. Walinganishe kilichoongezwa na kilichoachwa.

4. Kila anayedai kuwa tukio fulani lilisababisha jingine aonyeshe kiungo kati yake. Asipokipata, afute.

5. Mwishowe waandike wasifu wa msanii wanayemfahamu. Wengi watamchagua E-Sir, msanii wa kufokafoka aliyefariki katika ajali ya barabarani Machi 2003 akiwa na umri wa miaka 21, ambaye nyimbo zake zingali zinachezwa na vijana waliozaliwa baada yake. Sharti moja: kifo kipewe sentensi mbili tu. Nafasi iliyobaki yote iwe ya kazi yake, lugha yake na watu wake.

Sharti hilo la sentensi mbili litawalazimisha wanafunzi kutafiti. Mwanafunzi anayejua tu kwamba msanii alikufa atagundua ndani ya dakika tano kwamba hana la kuandika, na atalazimika kuzisikiliza nyimbo zenyewe, kuwauliza wakubwa wake, na kupambanua habari na uvumi.

Hitimisho

Tumeona kwamba filamu ya wasifu haiakisi maisha kama kioo wala haitoi funzo kama ngano. Ni masimulizi yenye mtazamo, yanayoteua, kupanga na kusitiri. Tumeona pia kwamba "Selena" inakiweka kifo nje ya jukwaa ili maisha yaonekane, na kwamba hata hivyo inayasimulia maisha hayo kutoka kiti cha baba. Mhakiki anaweza kuusifu uamuzi wa kwanza na kuuhoji wa pili bila kujipinga.

Unaposahihisha, basi, na ukakutana na jibu linalosema kuwa marehemu alikufa kwa sababu hakusikia, usilipe alama kwa umbo lake zuri. Andika pambizoni swali moja: umejuaje? Mwanafunzi atakayelijibu kwa ushahidi kutoka kwenye matini atakuwa amejifunza uhakiki. Atakayeshindwa kulijibu na kuifuta kauli yake atakuwa amejifunza kwamba mtu aliyefariki kijana hakutuachia funzo la kufa. Alituachia kazi aliyoifanya akiwa hai, na hiyo ndiyo tunayopaswa kuihakiki.